DIRISHA LILILOBAKI NA TAA

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita tuliwaacha ndugu hawa wawili wameinamia kompyuta moja, flashi ya wizi imechomekwa ubavuni, na kidole cha dada mtu kiko juu ya kitufe ambacho hakutaka kukibonyeza.

Alikibonyeza.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Kaka anaitwa Kobe, kwa sababu haandiki mstari wa programu bila kuusoma tena na tena. Dada yake mdogo anaitwa Wino. Yeye ndiye mchoraji. Kwa miaka mitatu wametengeneza gemu moja katika chumba cha juu ya duka la mafundi cherehani, kwa michango ya watu wasiowajua, waliowaamini kupitia mtandao. Gemu inaitwa Mtaa Gizani, na inatoka kesho. Lakini tayari inauzwa vibandani, na mvujishaji hajulikani.

Kuna jambo moja tu la kuwasaidia. Kila mchangiaji alitumiwa nakala yake mapema, na katika kila nakala Wino alichora dirisha la mchangiaji mwenyewe. Umeme ukikatika ndani ya gemu, mtaa mzima unazama gizani, isipokuwa dirisha la mwenye nakala. Hilo linabaki na taa. Ilikuwa njia yao ya kusema asante. Hawakufikiria kwamba siku moja wangeitumia kumtafuta mwizi.

Kobe alikuwa amekwenda mwenyewe kuinunua hiyo nakala ya kibandani. Alipanga foleni kama watu wengine. Muuzaji alimpa flashi na kumtolea ushauri wa bure: "Hii utaipenda, bosi. Nasikia waliotengeneza wana njaa kali, lakini mikono yao mizuri."

Kobe alisema asante. Alikuwa amechoka mno kusema lingine.

Sasa, kwenye skrini, umeme ulikatika.

Madirisha yalianza kuzimika, duka la kona kwanza, kisha nyumba za chini, kisha ghorofa. Mlinzi mdogo wa kwenye gemu, ambaye mchezaji humwongoza, alisimama katikati ya barabara akishika tochi isiyo na betri.

"Mtembeze mpaka kwenye kona," Kobe alisema.

Wino alimtembeza. Akapita nyumba ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Alipopinda kona, mwanga wa njano ulimwangukia mlinzi usoni.

"Kaka," Wino alisema. "Tazama."

Kobe alikuwa ameshatazama.

Ghorofa ya tatu. Pazia la kijani, na kwenye pindo lake, kiraka cheupe. Wino alikichora kiraka kile huku akicheka, kwa sababu anakijua vizuri. Kilikatwa kwenye sare ya zamani ya muuguzi, na pazia lenyewe linaning'inia dirishani hadi leo.

"Ni la Mama," Wino alisema.

Huko chini vyerehani vilikimbia, vikasimama, vikakimbia tena.

"Haiwezekani," alisema, akijijibu mwenyewe. "Nakala zote zina kufuli. Hata kama Mama angempa mtu, isingefunguka bila namba. Si ndiyo?"

Kobe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

"Kaka?"

"Ya Mama haina."

"Haina nini?"

"Kufuli. Nililitoa."

Wino alikigeuza kiti chake taratibu, kama mtu anayegeuza mgonjwa. "Sema tena."

"Kila akifungua, gemu inamwuliza namba. Namba inatumwa kwenye simu. Simu anaiacha jikoni. Akienda kuichukua, akirudi muda umekwisha. Alinipigia, akanipigia. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikamtengenezea ya peke yake isiyouliza kitu."

"Na hukuniambia."

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo! Mlango wa mbele tumeufunga kwa minyororo, wewe ukaacha wa uani wazi!"

"Sio mlango wa uani, Wino. Ni Mama."

Wino alikirudisha kiti chake kwenye skrini.

Simu ya Kobe ikatetemeka mezani.

Tangu nakala ya wizi isambae, simu ile haikuwa imepumzika. Watu walikuwa wakiandika malalamiko. Gemu yenu inakwama darajani. Gemu yenu imenipotezea hatua zote. Nakala ya wizi ilikuwa ya zamani, na ilikuwa na kasoro pale darajani ambayo Kobe aliirekebisha kitambo. Lakini waliolalamika hawakujua, na wengi walikuwa wameshakwenda kwenye duka la mtandaoni kuipa nyota moja kabla haijaanza kuuzwa. Kobe aliwajibu wote kwa adabu. Kazi yake kubwa siku hizi ilikuwa kuwahudumia watu ambao hawakumlipa.

Safari hii haikuwa malalamiko ya daraja. Ilikuwa ni Babu Kijiti.

Babu Kijiti ni mchangiaji. Hakuna aliyewahi kumwona. Ndiye mwenye mdomo kuliko wote katika kundi la wachangiaji, na ndiye aliyewaleta wengi kuliko wote. Alikuwa ameweka picha. Kwenye picha kulikuwa na mtaa wenye giza, na dirisha moja lenye pazia la kijani.

"Na mimi nimeinunua hii ya vibandani," aliandika. "Nimecheza mpaka umeme ukakatika. Kila mtu hapa analijua dirisha lake. Hili la nani?"

Majibu yalianza kumiminika.

"Si langu. Langu lina paka."

"Si langu."

"Langu halina pazia kabisa. Mke wangu alisema linanifaa."

"Acheni mzaha. Si langu."

Kisha Babu Kijiti tena: "Mimi nilijinyima nikachangia. Leo jirani yangu anaicheza bure na kunicheka dirishani. Watengenezaji, mnamjua mwenye dirisha hili, kwa sababu mlilichora nyinyi. Ikifika jioni hamjamtaja, najitoa. Na niliowaleta nitaondoka nao."

Wino aliusoma ujumbe kwa sauti mpaka mwisho, kisha akaiweka simu kifudifudi.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja. Tovuti ya michango ina kanuni: mpaka gemu itoke, mchangiaji anaruhusiwa kujitoa. Wakijitoa zaidi ya nusu, mradi unafungwa. Miaka mitatu inakuwa hewa. Hakuna kesho.

"Twende kwa Mama," Kobe alisema.

"Tukamwambie nini?"

"Sijui. Tukamwulize kwanza."

*

Chini ya jengo analokaa mama yao kuna kibanda cha fundi simu. Ndugu hawa walitaka kukipita. Fundi hakuwaacha.

"Ah! Watu wenyewe hao!" aliita, bisibisi mdomoni. "Kaka, hongera. Kazi kali. Lakini lile daraja vipi? Nimekwama pale mpaka nimemkosea mke wangu heshima."

Wino alisimama. "Umeipata wapi wewe?"

"Kwa mama yenu. Laptopu yake ilikuwa nzito, alinishushia niisafishe. Akaniambia, fundi, chukua gemu ya wanangu humo, umpe kila anayetaka."

"Muongo."

"Dada, nipandishe kwake sasa hivi. Mimi sijauza hata moja, wallahi. Nimegawa tu, kama nilivyotumwa. Yule wa flashi alikuja hapa kubadilisha kioo, akaomba, nikampa. Yeye ndiye anayeuza." Alitoa bisibisi mdomoni, akawatazama vizuri, mmoja baada ya mwingine. Uchangamfu ukamwishia. "Kwani... haikuwa ya kugawa?"

Kobe alisogea kuelekea ngazi.

"Daraja limerekebishwa kwenye nakala mpya," alisema mwishowe.

"Lini tunaipata?"

"Kesho," Kobe alisema, akashika ngazi.

Wino alimfuata akinong'ona kwa hasira. "Umemjibu kama mteja!"

"Nimezoea."

*

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Ingieni. Mmekonda wote wawili. Kazi gani hii inayokula wafanyakazi wake?"

Mama yao ni muuguzi mstaafu. Bado anatembea bila kutoa sauti, kama anayepita kati ya vitanda. Laptopu ilikuwa mezani, iko wazi, mlinzi mdogo amesimama mbele ya daraja. Nyuma yake, dirishani, lilikuwa pazia lile la kijani, na jua la alasiri lilikuwa limekifanya kiraka cheupe king'ae.

Wino hakuweza kulitazama.

"Nimekwama hapa," Mama alisema kwa furaha, akionyesha daraja. "Lakini siko peke yangu. Yule wa duka la dawa naye amekwama. Mke wa mwenye nyumba amekwama. Ananisimamisha njiani mbele za watu, 'mama, tunavukaje?' Namwambia tulia, wanangu wanalishughulikia. Baba, hujui raha niliyoipata. Zamani walikuwa wananiuliza, hao watoto wako wanafanya kazi gani, nakosa la kusema."

Kobe aliketi. Kochi lilimmeza.

"Mama," Wino alisema, "ulimwambia fundi aigawe?"

"Nilimwambia. Tena nilimsisitiza, maana aliona haya." Mama alicheka. "Si nyinyi mlikuwa mnalia hapa hapa, kwenye kochi hili, kwamba kazi ni nzuri lakini hakuna anayewajua? Nikasema basi, mimi ninajuana na watu. Wakiionja, watachanga. Hata dawa, mgonjwa akiona imemsaidia jirani, anaiulizia mwenyewe."

Wino alivuta pumzi ya kusema. Kobe alimgusa mkono.

Mama aliuona ule mkono.

"Nimekosea?"

"Hapana, Mama," Kobe alisema.

"Wewe, mama, nijibu wewe," alimwambia Wino.

"Hapana, Mama. Tumechoka tu. Gemu inatoka kesho."

Mama aliwatazama wote wawili. Wodini, kwa miaka yote ile, alikuwa amewasikia ndugu za wagonjwa wakimwambia mgonjwa "hujambo kabisa" kwa sura kama hizo.

"Haya," alisema. "Mkachoke nyumbani. Simu yangu iko jikoni, mkifika mnipigie nijue mmefika."

*

Kwenye ngazi waligombana kwa kunong'ona, maana jengo lile kila mlango una masikio.

"Tumtaje fundi," Wino alisema. "Jina hatulijui. Tunasema ni fundi, nakala iliibwa alipokuwa anatengeneza laptopu ya mchangiaji."

"Ameiba?"

"Kaka."

"Nauliza. Ameiba? Alipewa, akagawa, na amebaki na lawama za daraja kama sisi."

"Basi mtaje Mama! Andika pale, kwa herufi kubwa, mwizi ni mama yetu mzazi. Unajua wanavyompenda? Watafurahi sana."

Hilo nalo sijalisema, nisameheni. Katika kundi la wachangiaji kuna mtu anayeitwa Mama wa Asubuhi. Hajawahi kuandika neno juu ya gemu. Kila siku kukicha huwatakia watu wote asubuhi njema, na anayeumwa humwambia anywe maji. Watu wazima wasiomjua humwamkia, na siku akichelewa wanamwulizia. Ndiye aliyekuwa mchangiaji wa kwanza kabisa. Kobe alimwomba asiseme ni mama yao, kwa sababu aliona haya wageni wajue kwamba wa kwanza kuwaamini alikuwa aliyewazaa.

"Nitaandika kwamba kosa ni langu," Kobe alisema. "Niliacha nakala moja bila kufuli. Basi. Mwenye dirisha simtaji."

"Watauliza."

"Waulize."

"Babu Kijiti hatakubali."

"Najua."

Walipofika chumbani jua lilikuwa limeshuka na mafundi cherehani walikuwa wanafunika mashine zao. Wino alifungua ukurasa wa michango. Waliojitoa walikuwa wachache asubuhi. Sasa namba ilikuwa inapanda yenyewe mbele ya macho yake, kama maji kwenye ndoo.

"Andika," alisema. "Andika, Kaka, wanaondoka."

Kobe aliandika. "Ndugu wachangiaji, kosa ni letu." Akafuta "letu", akaweka "langu". Aliandika habari ya kufuli. Aliandika kwamba mwenye dirisha hana hatia. Kisha, kama afanyavyo kwa kila mstari maishani mwake, alirudi juu akaanza kuusoma upya.

"Tuma!"

"Nausoma."

"Utausoma kesho! Tuma!"

"Neno moja likikaa vibaya watamla mtu, Wino. Ngoja."

Alikuwa amefika mstari wa tatu wakati ujumbe mwingine ulipojitokeza katika kundi, ukauwahi wake.

Ulitoka kwa Mama wa Asubuhi.

"Habari za jioni, wanangu. Najua nimezoea kuja asubuhi. Nimeangalia picha mliyoweka. Hilo dirisha ni langu. Nimekaa nikifikiri tangu watoto waondoke hapa, ndipo nikaelewa kwa nini walikuwa wanaogopa kunitazama. Hawa watengenezaji ni wanangu wa kuwazaa. Gemu niliigawa mimi, kwa mkono wangu. Nilidhani nawasaidia. Wao hawakunituma. Anayetaka kugomba agombe na mimi, awaachie watoto kazi yao."

Wino aliweka kiganja mdomoni.

Ujumbe wa Kobe, uliosomwa vizuri, ulikuwa bado kwenye skrini haujatumwa.

Katika kundi palikuwa kimya. Hakuna aliyeandika "si langu". Hakuna aliyetania. Wino aligeukia ukurasa wa michango. Namba ilikuwa imesimama. Haikushuka, lakini ilisimama, hatua chache tu kabla ya ile nusu.

"Wanafikiri," Wino alisema.

"Au wanamsubiri mmoja aanze."

Huyo mmoja alianza. Chini ya maneno ya Mama ilitokea alama kwamba Babu Kijiti anaandika. Ikapotea. Ikarudi. Ikapotea tena. Ndugu wale walikuwa wamekaribiana mpaka mabega yamegusana, kama walipokuwa wadogo wakisubiri kuchapwa pamoja.

Kisha yakaja maneno yake. Yalikuwa machache kuliko yote aliyowahi kuandika.

"Mama wa Asubuhi, unakaa wapi? Nakuja sasa hivi."

"Asijibu," Kobe alisema. "Asijibu, asijibu." Alikuwa ameshainyakua simu na kupiga.

Iliita. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Wino alimtazama, na wote wawili walikumbuka kwa wakati mmoja. Kundi Mama hulisomea kwenye laptopu, kwa sababu herufi ni kubwa. Simu iko jikoni.

"Anakuja kufanya nini?" Wino aliuliza. "Kaka, huyu mtu hatumjui hata sura. Anakuja kufanya nini?"

Kobe alikuwa amefika mlangoni, kiatu kimoja mguuni, alipomsikia dada yake akiguna nyuma yake kama mtu aliyechomwa.

Mama alikuwa amejibu. Katika maisha yake yote hajawahi kumficha mtu mlango, na hakuona sababu ya kuanza leo.

"Karibu sana, mwanangu," aliandika. "Uliza kibanda cha fundi simu, kila mtu anakijua. Ukifika hapo inua macho, ghorofa ya tatu, pazia la kijani. Najua giza linaingia na ngazi zetu ni mbovu. Nitaacha taa inawaka."